Mwaka wa Fundi wa Mizani

Tulimzika mama wiki tatu zilizopita, na katika wasifu uliosomwa mbele ya jeneza walisema alikuwa mkulima hodari wa pamba, mwanakwaya, mtu mpole. Mpole. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu nikauma ulimi, kwa sababu mama yangu hakuwa mpole hata siku moja, na jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya hapa duniani halikuwamo kwenye ile karatasi. Aliyeiandika ni kaka yangu Masunga, ambaye anaujua ukweli wake kama ninavyoujua mimi. Alikaa kwenye benchi upande wa wanaume, viatu vimejaa vumbi la shamba, akisikiliza maneno yake mwenyewe kama mtu anayesikiliza bei ya pamba redioni. Basi nitaandika mimi. Habari za ukoo na utoto wetu naziacha, hazikumwokoa mtu. Nachukua mwaka mmoja tu, kutoka msimu hadi msimu, ule ambao watu binafsi waliruhusiwa kununua pamba Bariadi, kila mwenye lori akawa mnunuzi, na mimi nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Baba wa mtoto alikuwa na mke wake na akabaki naye. Sina zaidi ya hapo la kusema juu yake.

Mjini Masunga alijulikana kama bwana ukaguzi wa pamba. Nyumbani tulijua kwamba ana kazi nyingine ndani ya hiyo kazi, kwamba ni mtu wa usalama, na hatukuuliza, kama usivyouliza mtu ana kidonda gani chini ya nguo. Tangu nijifungue alikuwa hajawahi kumshika mwanangu Kabula. Akija nyumbani alimsalimia mama, alinisalimia mimi, mtoto alimruka kama gunia lililowekwa njiani. Kwa hiyo siku aliponiambia amenipatia kazi, nilidhani amesamehe. Alinipakia kwenye baiskeli na mtoto wangu, akanipeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, sakafu ya saruji, bati jipya, choo cha nje. "Kuna fundi wa mizani anakaa hapa," akasema. "Anaitwa Mathayo, anatoka Kigoma. Utampikia, utamfulia. Na kila Jumamosi utaniandikia nani alikuja, alikaa muda gani, walisema nini." Nikamuuliza, fundi wa mizani anaandikwa kwa nini? Akasema, "Milembe, umesoma hadi kidato cha nne ili uniulize maswali?" Nikasema ndiyo, ndiyo maana nilisoma. Hakucheka. Akanipa daftari la kurasa tisini na sita na kalamu mbili.

Mathayo hakuwa wa Kigoma na hakuwa Mathayo. Alikuwa mwanajeshi wa nchi jirani, sitaitaja, ndugu zake bado wako huko, na alikuwa amekimbia baada ya wenzake kukamatwa. Mapatano yalikuwa haya: sisi tumpe paa, jina na kazi, yeye atupe habari za kwao, kwa kuwa watu wake walikuwa bado wanamletea. Ile kazi ya mizani ilichaguliwa na kaka yangu, na hata kwa hasira zote nilizonazo nakubali kwamba ilichaguliwa kwa akili. Msimu ule kila kijiji kilikuwa na mizani inayoning'inia na kila mkulima aliamini inamwibia, kwa hiyo fundi alikuwa akiitwa Lalago leo, Lingeka keshokutwa, na hakuna aliyejiuliza mgeni huyu anazunguka anatafuta nini. Aliowapokea nao walikuja wamebeba mizani mbovu. Waliweka mizani mezani, wakaongea lugha yao kwa sauti ya chini, wakaondoka na mizani ileile mbovu. Mimi niliwahesabu na kuwaandika. Niliandika hata nani alimaliza ugali wake na nani aliuacha.

Chumba cha mbele kilinuka grisi na chuma. Mathayo alitandika magazeti sakafuni na kupanga vijiwe vya kupimia kwa ukubwa, kama mtu anayepanga askari wake. Mchana tulikula pale, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, Kabula katikati anatambaa na kupora. Siku ya kwanza nilimpikia ugali wa mtama na nsansa, ile mboga yetu ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Alitafuna muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu sana, "Dada, hii ni mboga au ni dawa?" Nikamwambia ni mboga, dawa inakuja kesho. Akala yote. Wiki iliyofuata aliidai. Alipogundua kwamba Kabula hanyamazi mpaka ashike kitu kizito, alimpa kijiwe kidogo cha mizani, na mtoto akalala nacho mkononi. Hilo sikuliandika. Lilikuwa jambo la kwanza kutoliandika, na nililiacha kwa sababu lilionekana si la maana. Kumbe ndipo nilipoanza kudanganya.

Mtu akinisoma hapa asitegemee niseme nilidanganywa au nilipotoshwa. Nilimpenda, na nilimpenda nikijua ni nani, nikiwa na daftari chini ya godoro. Kufika mvua za vuli nilikuwa naandika Jumamosi kurasa mbili za ukweli usiomdhuru mtu. Kisha siku moja akaja mgeni mwembamba mwenye kidole kilichokatwa, akalia pale mezani kama mtoto, na Mathayo akamshika kichwa. Sikumwandika. Bahati mbaya Masunga alikuwa amemwona yeye mwenyewe akishuka kwenye lori sokoni. Alikuja Jumamosi, akasoma, akafunga daftari taratibu. "Alhamisi hakuja mtu?" Nikasema hakuja. Akaniangalia, akamwangalia Kabula aliyekuwa amekaa kwenye shati la Mathayo lililotandikwa sakafuni, na nikaona jambo lote linamwingia kichwani. "Milembe," akasema, "umelala na kazi yangu." Nikamjibu kwamba kazi yake ndiyo iliyonileta humo ndani na mtoto mchanga, ilitegemea nini. Aliinua mkono. Akaushusha. Akasema kule Shinyanga kwa wakubwa wake kuna faili linalosema nyumba hii ina jicho la kuaminika, na sasa jicho limefumba, na atakayeulizwa ni yeye.

Ila naye hakuwa msafi. Hili nililijua kwa kusikia, kwa maana kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati. Masunga alikuwa akija kumhoji Mathayo na kubaki kula. Walianza na mambo ya kazi, wakaishia kwenye ng'ombe, kwenye mpira, kwenye wake za watu wakubwa. Mwanajeshi yule alikuwa na kipaji cha kuwaigiza mawaziri wa kwao, na kaka yangu, ambaye nyumbani alicheka mara mbili kwa mwaka, nilimsikia akicheka mpaka anakohoa. Kuna mchana mmoja nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo. Mathayo akauliza, "Masunga, siku wakikuambia unirudishe kwetu, utanidokeza?" Kaka yangu akasema, "Hawatasema hivyo." "Nimeuliza wakisema." Kijiko kikagonga sahani. "Usiniulize swali la namna hiyo wakati nakula," Masunga akasema. Na Mathayo akacheka, akamwongezea mboga.

Kurudishwa kwao maana yake ilikuwa moja. Wenzake waliorudishwa walipigwa risasi, na yule mwenye kidole kilichokatwa ndiye aliyeleta habari. Tangu siku ile nilijua kitu kimoja tu: mtu huyu anaishi kwa muda ambao kaka yangu atapenda aishi.

Mama alipopata habari zangu na Mathayo hakutaka kusikia usalama wala mizani. Alitaka ng'ombe. Binti yake hawezi kukaa kwa mwanamume kama mkimbizi, akasema, bila kujua amesema neno gani. Sasa kwetu muoaji haji mwenyewe. Anakuja na watu wa upande wake, na anayesimama mbele kumsemea ndiye atakayeulizwa maisha yote: mwanamume akipotea, akiua, akifa, wazee wanamwendea yule aliyemleta. Mathayo hakuwa na mtu. Na hapo ndipo Masunga alipofanya kosa ambalo mtu wa kabila lingine asingelifanya, maana asingeliona kuwa lina uzito. Kwa kuogopa kwamba akileta wazee wa kukodi watauliza habari za Kigoma na siri ikavuja, akasimama yeye. Alikuja nyumbani kwao mwenyewe kumposa dada yake mwenyewe kwa niaba ya mgeni.

Baba mdogo Luhende, ndugu wa marehemu baba yetu, ndiye aliyekuwa akizungumza upande wetu, na nadhani hakupata starehe nyingine kama ile mpaka alipofariki. "Mwadila, wageni," akasalimia, akimwangalia mtoto wa kaka yake. "Mmetoka mbali?" Masunga akasema wametoka mjini. "Na ninyi ni wa ukoo gani huko mjini?" Watu wakainama kuficha meno. Masunga akataja ukoo wetu, angetaja upi. "Ala, kumbe ni ndugu. Ndugu anakuja kumnunua ndugu?" Walipofika kwenye mtoto, Masunga, kwa kutaka kumpunguzia rafiki yake mzigo, akasema binti ameshazaa. Baba mdogo akamjibu kwamba yeye amechunga tangu utoto na hajaona mnadani ng'ombe mwenye ndama akishushwa bei. Mama alikuwa ndani, tukamsikia akigonga mwiko kwenye sufuria mara moja kukubali. Mwishoni Baba mdogo aliacha mzaha. "Masunga, mtu huyu umemleta wewe. Siku tukimkosa tutakuuliza wewe, na hutatujibu kama mtu wa serikali." Kaka yangu akasema, "Nimesikia, baba." Nilimwona jasho linamtoka, na siku hiyo kulikuwa na ubaridi.

Baada ya hapo Mathayo akajifunza kuwa mkwe. Mkwe kwetu hamwangalii mama mkwe usoni, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Mathayo aliona ni mchezo, kisha akaona si mchezo. Mara ya kwanza alikutana na mama kwenye njia ya kisimani akanyoosha mkono kama alivyofundishwa jeshini, na mama, mwanamke mzito mwenye ndoo kichwani, alikimbilia ndani ya pamba mpaka ndoo ikamwagika yote. Alirudi nyumbani amelowa. "Mwambie mumeo," akaniambia, "kwao hakuna mama?" Ikawa kila Mathayo akija nyumbani anatangulia kukohoa toka mbali, mama anahamia jikoni, na salamu zao zilipitia kwangu. Mwambie nimemsalimu. Mwambie nimeipokea. Alimletea kupitia kwangu sukari, chumvi, na siku moja miwani ya kusomea, na mama aliivaa kanisani akiwa amenyoosha shingo. Nadhani walipendana sana, watu wale wawili ambao hawakuwahi kuongea.

Msimu ukarudi. Pamba ilikuwa imepasuka, mimi niko kwa mama kwa ajili ya kuvuna, mwendo wa saa moja kwa baiskeli toka mjini kwenye njia ya Zagayu, na Mathayo alikuja asubuhi moja kumwona Kabula, ambaye sasa alitembea na alikuwa na neno moja tu, "baba", na alilitumia kwake peke yake. Tulikuwa uani. Masunga alikuwa na desturi, akija na gari la kazi alipiga honi tangu kwenye ukwaju ili mama aweke maji ya ugali. Siku ile tuliona vumbi, tukaona gari linasimama kwenye ukwaju, na honi haikupigwa. Milango ikafunguka wakashuka watu wanne, Masunga mmoja wao, wakaanza kutembea. Mimi nilikuwa bado nafikiri gari limeharibika. Mama alitoka jikoni. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Mathayo, uso kwa uso, akamshika kifundo cha mkono.

Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu jambo hili na naona halimwingii. Mwanajeshi yule alikuwa amepita mstari wa bunduki, alilala porini wiki tatu, na sikuwahi kumwona akitetemeka. Alitetemeka pale. "Mama, hapana," akasema, na ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Mama akamvuta hadi ndani, hadi kwenye mlango wa chumba chake cha kulala, ambako hata watoto wake wa kiume hawakukanyaga tangu waote ndevu. "Ingia," akasema. Akamsukuma kwa bega kama unavyosukuma ndama, akashusha pazia, akavuta kigoda akakaa mbele ya pazia hilo na ungo wa choroko mapajani, akaanza kupepeta. Mimi nilikaa chini nilipokuwa.

Mkubwa wa Masunga alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Maswa, mtu mzima, kofia mkononi. Alisalimia kwa heshima na mama akamwitikia salamu yote, akamuuliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua za kwao, na yule bwana ilimbidi ajibu kila kimoja huku askari wake wamesimama juani. Kisha akasema wanamtafuta fundi wa mizani, kuna mazungumzo, nchi mbili zimepatana. "Huyo ni mkwe wangu," mama akasema. "Mimi simwangalii, nitajuaje aliko? Muulizeni mke wake." Nikasema ameenda Lalago. Wakaomba kuangalia. Mama akasema waangalie. Wakaangalia chumba changu, ghala, jiko, chini ya tela la ng'ombe. Ikabaki lile pazia. Mkubwa akalitazama, kisha akamtazama kaka yangu.

Na hapo Kabula, ambaye hakuna aliyemkumbuka, akasimama toka kwenye mkeka, akatembea kwa miguu yake ya kuyumba hadi kwenye pazia, akaliwekea kiganja na kusema, "Baba." Akasubiri. Akasema tena.

Masunga alivuka chumba kwa hatua mbili. Alimwinua mtoto ambaye hakuwahi kumgusa tangu kuzaliwa, akamweka begani, vibaya, kama mtu anayebeba kuni, na mtoto kwa mshangao akanyamaza. "Anamwita nani?" mkubwa akauliza. "Ananiita mimi," kaka yangu akasema. "Hana baba mwingine. Humo ni kwa mama, mzee. Mkwe gani ataingia humo?" Yule bwana akafikiri. Nilimwona akifikiri, nikaona mila za bibi yake na mama yake zikipita usoni mwake. "Hata kwa bunduki," akasema mwishowe, na akamwomba mama radhi kwa usumbufu. Wakaondoka. Masunga alimrudisha mtoto mikononi mwangu bila kuniangalia. Mama alikuwa bado anapepeta choroko ambayo ilishakuwa safi zamani.

Mathayo alikaa chumba kile siku mbili, mama akalala jikoni. Siku ya tatu alfajiri ilipokucha mama alipakia pamba kwenye tela, akamvalisha mkwe wake koti na kofia ya marehemu baba, akamwambia aendeshe ng'ombe, naye akapanda akakaa ubavu wake, bega kwa bega. Walipita mbele ya majirani, mbele ya soko, mbele ya gari la askari kwenye njia ya kwenda Lamadi. Nani angemtafuta mkwe pale? Mwanamume na mwanamke waliokaa hivyo, wanagombana juu ya ng'ombe wa kushoto, ni mtu na mumewe au mtu na kaka yake. Mama alimwacha ziwani kwa wavuvi. Alirudi baada ya siku tano peke yake, akanawa miguu, akaniambia, "Anaendesha ng'ombe vibaya." Mpaka anakufa hakuongeza.

Masunga aliambiwa apumzike kazi kabla msimu haujaisha. Alirudi nyumbani akalima. Wazee hawakumuuliza mtu wake yuko wapi, ingawa walikuwa na haki, na mimi nilimnunia miaka yote hii kwa sababu alikuja na lile gari. Nilikuwa nasahau kwa makusudi kwamba hakupiga honi, kwamba honi ingemfanya mama aweke maji ya ugali na tukakamatwa tumekaa. Mathayo naye nilimkasirikia zaidi. Alifika salama, akavuka nchi mbili, mwaka wa pili nikapata barua yake. Ana mke mwingine sasa, mzungu au nani, sikumuuliza. Barua ile sikumwonyesha mtu. Mama nilimwambia kwa mdomo tu, yuko hai, akasema "Wabeja," ahsante, akaendelea kupalilia. Masunga sikumwambia. Nilijiambia hakuuliza.

Jioni ya mazishi, watu walipopungua, alikuja kukaa karibu na mimi kwenye mkeka. Kabula, binti mkubwa sasa, alikuwa akikusanya vikombe, na kila akipita alimsogezea mjomba wake chai. Masunga akamtazama, kisha akatazama kaburi lenye udongo mbichi. Kwa sauti ambayo niliisikia kwa shida akaniuliza, "Yule mtu alifika?"

Nikaelewa kwamba amelima miaka yote hiyo bila kujua. Alikuwa amepoteza kazi, jina, kila kitu alichosomea, na hajui kama alichookoa ni mtu au maiti. Hakuuliza kwa kuwa kuuliza kungekuwa kukiri kwamba alijua nani yuko nyuma ya pazia, na kukiri kungetufunga sote, mama akiwa wa kwanza. Na mimi mwenye jibu nilimnyima kwa hasira za mwanamke aliyeachwa. Nikamwambia alifika. Nikamwambia kila kitu, nchi aliyopo, mke, kwamba anafanya kazi kwenye karakana, kwamba kwenye barua alikuwa amemtaja yeye kabla ya kunitaja mimi.

Masunga akavua kofia, akaiweka juu ya goti. "Basi," akasema, "mama alale."